Bi Arzella Dantzler Whaley, Mama wa Jiko la Lathan

Ndugu, jamaa na marafiki mliokusanyika katika kanisa letu la Pisgah, familia inawashukuru kwa kuja kumsindikiza Bi Arzella. Tumeombwa tuyasimulie maisha yake kama yalivyokuwa, bila kuyapaka asali, maana mwenyewe hakupenda chochote kilichotiwa sukari kupita kiasi.

Bi Arzella alizaliwa tarehe 9 Machi 1936 katika kitongoji cha Four Mile, nje kidogo ya mji huu wa Corley, South Carolina. Alikuwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa Mzee Hosea Dantzler na Bi Lovie, wote wametangulia mbele za haki. Wiki ile mvua ilikuwa imesomba daraja, mkunga akakwama ng'ambo, na mtoto akapokelewa na baba yake, mtu ambaye hadi siku hiyo hakuwa amezalisha ila ng'ombe. Mzee Hosea alisema mpaka uzee wake kwamba ndama walikuwa na adabu zaidi, kwa sababu hawakumpigia kelele.

Wazazi wake walilima shamba lao wenyewe, jambo ambalo miaka ile halikuwa dogo kwa mtu mweusi wa wilaya hii. Lakini kuwa na shamba ni jambo moja na kuuza mavuno ni jingine. Kwenye maghala ya mjini Mzee Hosea aliitwa "wewe," akasubirishwa juani hadi wengine wote waishe, na bei akatajiwa kama anayehukumiwa. Mlango mmoja tu katika Corley nzima alikoitwa "Bwana Dantzler" ulikuwa ule wa nyuma wa jiko la Chuo cha Lathan, chuo cha watu weusi. Kila Ijumaa alipeleka pale viazi vitamu, mayai na sukuma wiki kwa mkokoteni wa nyumbu, na mara nyingi Arzella mdogo alikaa juu ya magunia. Wapishi walimpa kipande cha mkate wa mahindi kilichopakwa siagi. Alikuwa na miaka minne au mitano alipomwambia mama yake kwamba akiwa mkubwa ataolewa na jiko lile.

Alianza masomo katika shule ya Four Mile, yenye vyumba viwili na mwalimu mmoja, naye mwalimu huyo alikuwa mhitimu wa Lathan. Septemba 1953 akajiunga na chuo chenyewe kusomea sayansikimu. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mengi lakini fedha hazikuwepo, na chuo kikakubali karo yake ilipwe kwa viazi. Hakuwa peke yake; nusu ya wasichana wa bweni lake walilipiwa kwa kuni, kwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, au kwa mikono ya baba zao waliokuwa mafundi matofali. Hata hivyo msichana aliyelala naye chumba kimoja, mtoto wa mchungaji kutoka Charleston, alipenda kumtania.

"Zella, muhula huu wewe ni magunia mangapi?"

"Magunia hayanihusu," Arzella akamjibu. "Wewe ndiye unayekula viazi."

Alihitimu tarehe 27 Mei 1957, wa tatu katika darasa lake. Walimu walimtafutia kazi ya ualimu mjini Columbia, yenye mshahara mzuri na mavazi ya heshima. Aliomba siku moja ya kufikiri, na siku ya pili akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, safari hii kama msaidizi wa mkuu wa jiko.

Ndani ya miaka mitatu akajionea chuo ni nini kwa mji. Majira ya kuchipua ya 1960, wanafunzi wa Lathan walikwenda kuketi kwenye meza za chakula za maduka ya barabara kuu, zilizotengewa wazungu, wakitaka kuhudumiwa kama watu. Walipokataliwa na kukamatwa, chuo kizima kiliacha kununua barabara kuu: wanafunzi, walimu, wafagiaji, na wazazi waliokuja kuwatembelea watoto. Hakuna aliyenunua kiatu wala kofia, hata sindano ya kushonea. Kabla ya Pasaka kufika, wauzaji walikuwa wakisimama milangoni wakitazama barabara tupu, na ndipo walipogundua walikuwa wakila mkononi mwa nani.

Mmoja wao ndiye aliyeliuzia jiko unga wa ngano. Katika duka lake watu weusi waliingia kwa uchochoro wa nyuma. Asubuhi moja alikuja mwenyewe chuoni, kofia mkononi, akazunguka mpaka nyuma ya jiko. Arzella alikuwa pale akimenya viazi.

"Mkuu wako yupo?"

"Yupo, bwana. Lakini hapa ni njia ya magunia. Wageni hupita mbele."

"Mimi naruhusiwa kupita mbele?"

"Mbele pako wazi kwa kila mtu," Arzella akasema. "Sisi tumezoea hivyo."

Yule bwana alizunguka mbele. Mkuu wa jiko alimpa chai, akamsikiliza, akamwambia unga utanunuliwa siku wanafunzi watakapoketi dukani kwake bila kuguswa. Haikuwa mwaka ule wala ule uliofuata. Lakini siku ilifika, naye Bi Arzella akawa wa kwanza kuingia dukani kwa mlango wa mbele, akanunua kitambaa cha meza, akasema asante. Watu wakamuuliza asante ya nini. Akasema aliyelelewa vizuri hushukuru hata anapopokea haki yake.

Tarehe 17 Juni 1961, hapa hapa Pisgah, alifunga ndoa na Bwana Thaddeus Whaley, kinyozi wa Mtaa wa Railroad. Duka la Thaddeus lilitazamana na lango la chuo, na maisha yake yote yalikuwa juu ya vichwa vya wanafunzi. Alijua kalenda ya chuo kuliko msajili: lini mitihani, lini dansi, lini wazazi wanakuja na kila kijana anataka kuonekana mtoto wa watu. Likizo ya Juni ilipofika, mtaa wote ulinyamaza. Bi Hattie mshona majoho ya mahafali alikwenda kwa dada yake, mama wenye nyumba za kupangisha walianika magodoro, dereva wa teksi alilala ndani ya gari lake mchana kutwa. Ndiyo maana baba mkwe alipomuuliza Thaddeus kwa nini anataka arusi mwezi Juni, alijibu bila kupepesa macho, "Mzee, miezi mingine nina kazi."

Ndoa yao ilijaliwa watoto wawili, Corinthia na Lemuel, ambao wote walisoma Lathan. Bwana Thaddeus alifariki tarehe 3 Mei 2004. Waliishi pamoja zaidi ya miaka arobaini, na majirani wanakumbuka kwamba ugomvi wao mkubwa ulihusu kama mkate wa mahindi utiwe sukari au la. Yeye alisema utiwe. Bi Arzella alisema huo utakuwa keki, na mtu mzima hali keki na sukuma wiki.

Mwaka 1968 Bi Arzella alifanywa mkuu wa jiko na msimamizi wa manunuzi ya chakula. Hapo ndipo kazi yake halisi ilipoanza. Alizunguka wilaya nzima kwa pikapu ya mumewe, kutoka Four Mile hadi ukingo wa mto, akiwatembelea wakulima wadogo ambao maghala yalikuwa yakiwanyonga. Aliingia mashambani kwa viatu vya kanisani, akaonja, akanusa, akauliza habari za magonjwa ya kuku. Kisha akasema, "Panda. Chuo kitanunua." Maneno hayo machache yalikuwa na uzito wa dhamana. Benki iliyokuwa ikiwafukuza wakulima wetu ikaanza kuwasikiliza, kwa sababu hata karani mwenye moyo mgumu alijua kwamba watoto wa Lathan watakula mwaka huu na mwakani. Kwa maneno hayo watu walichimba visima, walinunua trekta kuukuu, walipeleka watoto shule, na watoto hao wakarudi kula bwaloni viazi vya baba zao. Jikoni kwenyewe aliajiri wanawake wa Corley, wajane wengi kati yao, akahakikisha kila mmoja ameandikishwa kwa ajili ya pensheni.

Mkulima aliyepanda kuliko wote kwa neno lake alikuwa kaka yake, Bwana Rufus Dantzler, aliyerithi shamba la Four Mile. Rufus alimtangulia kuzaliwa kwa miaka mitatu. Walipendana kama ndugu wanaofahamiana makosa: yeye alimwita "Zella Usikie," kwa sababu kila sentensi ya dada yake ilianza na "Usikie," naye dada alimwita "Kaka Subiri."

Sasa tufike mwaka 1988, mwaka ambao mwenyewe hakupenda kuuzungumzia, lakini ambao hatuwezi kuuruka bila kumpunguza.

Rais mpya wa chuo, Daktari Alphonso Gaillard, alikuwa ameikuta Lathan katika hali mbaya. Mnamo Septemba, wakati sukuma wiki ya vuli ilikwisha pandwa na viazi vinakaribia kuchimbwa, Baraza la Wadhamini likapitisha mkataba na kampuni ya chakula kutoka nje ya jimbo. Kampuni itaendesha jiko, italeta chakula kwa malori kutoka ghala lake la mbali, na itaezeka upya paa la bwalo kwa gharama yake. Bi Arzella aliambiwa Jumatatu mchana. Hakwenda ofisini kupiga kelele, wala hakwenda nyumbani. Alipanda pikapu akaenda Four Mile, kwa sababu hakutaka kaka yake ayasikie kanisani.

Alimkuta Rufus barazani ananoa panga.

"Kaka, chuo hakitanunua mwaka huu."

"Hakitanunua nini?"

"Chochote. Viazi, sukuma wiki, mayai. Wameleta kampuni."

Rufus aliendelea kunoa kidogo, kama mkono ulikuwa bado haujapata habari. Halafu akaacha.

"Nani aliniambia nilime mpaka ukingoni mwa kinamasi?"

"Mimi."

"Nani alisema, Rufus, usirekebishe trekta, chukua jingine?"

"Mimi, Kaka."

"Basi nenda kwako, Zella, kabla sijasema neno ambalo Mama atalisikia huko aliko."

Alikwenda. Rufus yu hai na ameketi nasi leo, na amekubali tuyaseme haya. Ameomba tuongeze jambo moja: kwamba wakulima wengine wote waliyasikia kwa watu, lakini yeye aliambiwa na dada yake, uso kwa uso, siku ile ile. Anasema hasira ilimchukua majuma mengi, lakini hilo hakulisahau hata siku moja.

Kesho yake Bi Arzella alikwenda kwa rais.

"Keti, Bi Arzella."

"Nitaketi nikishasema. Watu wameshapanda, Daktari. Mimi ndiye niliyewaambia wapande."

Daktari Gaillard alivua miwani yake akaiweka mezani. "Ulipita bwaloni asubuhi? Umeziona ndoo?"

"Nimeziona. Mimi ndiye ninayeziweka."

"Wakaguzi wa ithibati wanakuja Machi. Wakizikuta ndoo zile chini ya paa lile, ithibati inaondoka. Ikiondoka, serikali haisaidii karo ya mtoto hata mmoja. Sina pesa ya paa. Nimeomba kila mahali, nimepiga magoti mahali ambapo sitakutajia. Hawa wataezeka kabla ya Krismasi. Sasa nieleze wewe: Lathan ikifa, kaka yako atamuuzia nani viazi?"

Bi Arzella alisimulia baadaye kwamba hakuna kinachochosha kama kugombana na mtu mwenye haki ilhali na wewe unayo. Akavuta kiti.

"Wapishi wangu?"

"Wameahidi kuwabakiza."

"Iandikwe. Wote, na pensheni zao."

"Itaandikwa."

"Na unipe Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Za mpira. Kampuni yako haipiki siku za mechi. Watu watakuwa maelfu hapa. Nipe kile kiwanja cha majani kando ya lango, wakulima wauze wenyewe."

"Mvua ikinyesha?"

"Nitalowa, Daktari."

Mvua ilinyesha. Jumamosi ya kwanza, tarehe 8 Oktoba, waliokuja kuuza walikuwa wachache, na walionunua walikuwa wachache zaidi. Thaddeus alishikilia turubai kama nahodha anayezama, na juma zima familia ile ilikula sukuma wiki asubuhi, mchana na jioni. Lemuel, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, aliapa atahamia chuo kingine. Majuma hayo ndipo Mzee Ervin Moultrie wa ng'ambo ya mto, aliyepanda kwa neno la Bi Arzella, alipokata tamaa, akauza shamba na kumfuata mwanawe Philadelphia. Bi Arzella alikwenda kumuaga kwenye kituo cha basi, akampa kuku wa kukaanga wa njiani. Hakumwomba msamaha kwa maneno, na mzee hakumdai. Lakini mpaka anafariki jina la Ervin Moultrie halikukosa katika sala zake za Jumatano, na sisi tuliozisikia tulijua ni kwa nini.

Rufus hakuja kabisa. Sukuma wiki yake ilisimama shambani, nene na nzuri, haina wa kuikata.

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba ilikuwa siku ya wahitimu wa zamani kurudi nyumbani. Siku moja kabla yake, asubuhi, Bi Arzella aliomba basi dogo la chuo, akalijaza waimbaji wa kwaya ya wanawake waliovaa mabuti ya mvua, akalipeleka Four Mile bila kubisha hodi. Wakaingia shambani wakaanza kukata, wakiimba kwa sauti nne. Rufus alitoka barazani akasimama amefumbata mikono. Mwishowe akaita.

"Zella!"

"Naam, Kaka."

"Gari lenu limepanda juu ya viazi vyangu."

"Basi njoo ulisogeze. Mimi sijui kurudi nyuma."

"Hilo nalijua tangu utotoni," Rufus akasema, akashuka ngazi, akachukua funguo mkononi mwa dada yake.

Kesho yake wahitimu waliingia Corley kutoka Detroit, Newark, Washington na kila mahali reli na barabara zilikowapeleka wazazi wao. Waliposhuka magarini, kabla hata hawajaona uwanja, walinusa. Thaddeus alikuwa amefunga duka lake la kinyozi, jambo asilowahi kulifanya siku ya sikukuu ile, akasimama juu ya mafuta akikaanga samaki. Mama mmoja, daktari wa meno Detroit, aliinua kiazi kitamu akakishika kama anayeshika mkono wa mtu.

"Hivi ni vya hapa hapa?"

"Jana vilikuwa ardhini," Bi Arzella akamjibu.

"Nipe vyote."

"Vyote, mwanangu? Utavila na nani?"

"Na mtaa mzima. Wote kule ni watu wa Carolina, wamesahau tu."

Alivichukua vyote vya meza ile, akalalamika kwamba viti vya nyuma vya gari ni vidogo. Foleni ilitoka langoni ikapinda mpaka Mtaa wa Railroad, na waliosubiri wakashonewa vifungo, wakapanga vyumba. Rufus alimaliza kila jani kabla ya mapumziko ya mechi. Akamfuata dada yake, jasho likimtiririka.

"Ungeniambia watakuja wengi hivi ningelima zaidi!"

"Kaka, nilikuambia ulime zaidi. Ukanifukuza barazani."

Wanaokumbuka wanasema ndipo walipocheka, wote wawili, wakashikana mabega ili wasianguke, na bendi ikapita katikati ya soko ikipiga tarumbeta na hakuna aliyempisha mwenzake.

Paa liliezekwa kabla ya Krismasi, kama rais alivyoahidi. Wakaguzi walikuja wakaondoka, na Lathan ikabaki na ithibati yake. Bi Arzella alibaki jikoni, akavaa aproni yenye jina la watu wengine, akawalinda wapishi wake wote mpaka wa mwisho alipostaafu kwa pensheni. Hakuwahi kusema neno baya juu ya Daktari Gaillard, na aliyelisema mbele yake alinyamazishwa. "Alituezekea," alisema. "Mimi niliwalisha, yeye akawazuia wasinyeshewe. Mnataka nini zaidi?" Daktari naye alikuja sokoni kila Jumamosi ya mechi na kikapu chake, akapanga foleni kama wengine.

Walimu wa idara ya biashara walileta wanafunzi wao kuwasaidia wakulima kuunda ushirika, na ushirika ukajenga chumba chake cha baridi. Mwaka 1996, mkataba wa kampuni ulipokwisha, Baraza la Wadhamini lilimwita Bi Arzella kutoa maoni. Tangu siku hiyo kila anayetaka kuendesha jiko la Lathan lazima anunue kwanza kwa wakulima wa wilaya hii. Alistaafu tarehe 30 Juni 1999. Alikataa kupewa saa ya dhahabu. Aliomba jiko jipya la gesi kwa wapishi, akalipata.

Baada ya kustaafu alilihudumia kanisa hili kama mama mkuu wa jiko la misiba. Wengi mlioketi hapa mlizika wapendwa wenu mkala kwa mkono wake. Mlizoea kumwona amesimama mlangoni mwa ukumbi, kitaulo begani, akiwahimiza wanaolia wale kwanza.

Mwaka 2015 figo zake zilianza kudhoofika, na kuanzia mwaka uliofuata akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa juma. Alivumilia bila manung'uniko, isipokuwa juu ya chakula cha wagonjwa, ambacho alikiita "karatasi iliyochemshwa." Familia inapenda kuwashukuru kwa namna ya pekee wauguzi waliomtunza, ambao karibu wote walifunzwa katika shule ya uuguzi ya Lathan. Siku ya kwanza muuguzi Keturah Gantt alipokuwa akimtafuta mshipa, Bi Arzella alimtazama kwa makini.

"Mwanangu, ulisoma wapi?"

"Lathan, mama."

"Ulikula bwaloni?"

"Miaka minne."

"Basi umekula viazi vya kaka yangu."

"Mama, nilivila mpaka nikavichoka!"

"Vimekupa mkono mzuri," Bi Arzella akasema. "Sijasikia hata sindano."

Wiki zake za mwisho alikaa nyumbani, Mtaa wa Railroad, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka, maana kutoka pale alisikia bendi ikifanya mazoezi. Corinthia alimuuliza kama kelele zinamsumbua. Akasema kimya ndicho kilichokuwa kikimsumbua siku zote, kile cha Juni. Alhamisi tarehe 11 Oktoba 2018, saa nne asubuhi, alivuta pumzi yake ya mwisho akiwa amezungukwa na watoto wake na kaka yake. Alikuwa na umri wa miaka themanini na miwili.

Kesho ni Jumamosi ya wahitimu kurudi. Wakulima walikuja nyumbani juzi na kofia mikononi wakasema wanataka kulifunga soko kwa heshima ya marehemu. Familia inawashukuru kutoka moyoni, na inawaomba wasifanye hivyo. Bwana Rufus amewajibu kwa niaba yetu sote: viazi havijui matanga. Fungueni mapema. Na mkipata nafasi, mwuzieni mtu wa mbali zaidi ya anachoweza kubeba.

Bi Arzella amewafuata mumewe, wazazi wake na ndugu zake watatu. Ameacha kaka yake mpendwa, Bwana Rufus Dantzler wa Four Mile. Binti yake Corinthia Whaley Stokes na mumewe Jerome, wa Corley. Mwanawe Lemuel Whaley na mkewe Yolande, wa Columbia. Wajukuu watano, ambao wawili kati yao sasa ni wanafunzi wa Lathan. Kitukuu mmoja, Hosea. Wapwa wengi, akiwamo anayesoma wasifu huu. Wapishi wenzake wa zamani. Na mji huu, uliokula kwake.

Bwana alitoa, na kile alichotoa kilitutosha na kikabaki. Alale kwa amani, mama yetu, na udongo wa Corley alioujua umfunike kwa upole.